Kwa Wembe au kwa Sindano

Siku ya kwanza kazini nilipewa boksi la baridi, pakiti za vijiti vya pua na fulana yenye nembo ya mradi. Nikauliza: hivi vijiti vikishaingia puani mwa watoto, vinakwenda wapi? Mratibu wa Mkoa akacheka, akasema, "Mama Nuru, wewe ungefaa forodhani." Chumba kizima kikacheka. Mimi sikucheka, maana hakuwa amejibu.

Nawaandikia nyie mnaomaliza kidato cha nne halafu mnakuta tangazo limebandikwa kwenye nguzo pale stendi: wanatafutwa wakusanya takwimu, wenyeji wa Songwe, wanaojua kuzungumza na akina mama. Najua mtakwenda. Hata mimi nilikwenda, Nuru mgongoni, bado ananyonya. Leo nina miaka ishirini na tisa na nasema nimestaafu. Mama yangu ananiambia mtu hastaafu hajaota mvi. Namjibu kwamba mvi zangu zimeota kwa ndani.

Niieleze kazi yenyewe nilivyoielewa, kwa sababu sisi hakuna aliyetukalisha chini akatueleza. Kuna kijidudu kinachoishi puani mwa watoto wadogo. Watoto wengi wanacho na wanacheza nacho tu. Kwa wengine kinashuka kifuani, mtoto anapata nimonia, ile ambayo wazee wetu wanaiita kichomi, na mtoto anaweza kufa. Kijidudu hicho kimevaa koti. Makoti yako ya aina nyingi, na sindano ya kliniki inaufundisha mwili wa mtoto kuyatambua baadhi yake, si yote. Basi mradi ulikuwa unauliza hivi: mkishawachanja watoto, vijidudu vyenye makoti yanayotambulika vikapungua, je, vyenye makoti mengine vitachukua nafasi? Na je, kipo kitakachobadilisha koti lake mpaka chanjo isikijue tena?

Kwa kusubiri ungechukua miaka kujua. Wenzetu hawasubiri, wanatengeneza modeli ya kihisabati. Msitishwe na jina. Ni visanduku na mishale. Sanduku moja ni watoto wasio na kijidudu, jingine ni wenye kijidudu cha koti linalotambulika, jingine ni wenye koti la aina nyingine, na kila sanduku linagawanywa tena: waliochanjwa huku, wasiochanjwa kule. Mshale unaonyesha watoto wanahama kutoka sanduku gani kwenda sanduku gani, na juu ya mshale kuna namba inayosema wanahama kwa kasi gani. Sisi wa vijiti ndio tuliotumwa kuzitafuta hizo namba. Kompyuta ikishazipata inawasogeza watoto mbele, mwaka baada ya mwaka, na unaona kijidudu kinaelekea wapi kabla hakijaelekea.

Aliyekuwa anavichora hivyo visanduku ni Mtaalamu wa Modeli, kijana mwembamba kutoka Dar ambaye akiongea na wewe anaangalia kiatu chako. Aliitwa daktari, lakini udaktari wake ulikuwa wa hesabu. Akina mama wa kijiji cha Ibaba walipolisikia hilo jina walimpangia foleni, mmoja akamsogezea sikio la mtoto ili alichungulie. Akasema, "Mama, mimi si daktari wa hivyo." Yule mama akamuuliza, "Sasa wa vipi?" Akamchorea visanduku vyake kwenye daftari. Tangu siku hiyo akaitwa Dokta Visanduku.

"Kwa hiyo wewe unatabiri," nilimwambia siku moja.

"Hapana. Nauliza: ikiwa mambo yako hivi, itakuwaje? Ile 'ikiwa' yangu ikiwa ya uongo, na ile 'itakuwaje' yangu itakuwa ya uongo."

Sikumwamini. Mtu anayeongea na kiatu humwamini hata akikuambia jua limechomoza. Niliyemwamini kidogo ni Mratibu, maana alikuwa mtu wa watu. Akifika kituoni anagawa juisi na biskuti, anambeba Nuru, anawajua akina mama kwa majina ya watoto wao. Ndiyo maana nawaambia mnisikilize mpaka mwisho.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja hapa Tunduma, si mbali na foleni ya malori ya kuvuka mpaka. Akina mama wa upande wa pili walikuwa wanakuja na watoto wao, wananiita ba mayo, yaani mama, wananiuliza nawalipa nini kwa kamasi. Kuchukua kijiti ni ufundi. Unamlaza mtoto mapajani mwa mama yake, unashika kichwa kwa kiganja, unaingiza kijiti taratibu sambamba na sakafu ya pua, si kwenda juu, unazungusha, unatoa, unakitia kwenye kichupa, unafunga, unaandika namba. Mtoto analia. Mama anakuangalia kama mwizi. Nilikuwa nawaelewa. Wa kwanza kuingizwa kijiti katika orodha yetu alikuwa Nuru wangu mwenyewe, kwa sababu nilisema sitamfanyia mtoto wa mtu kitu ambacho sijakiona kwa wangu.

Kutoka Tunduma tukapelekwa Ibaba kwenye milima ya Ileje, ambako ukungu unakaa mpaka saa za chai na watoto wamefungwa kwa vitenge viwili viwili. Kisha Galula, kwa pikipiki, boksi la baridi limefungwa nyuma kwa mpira, vumbi mpaka kwenye meno. Halafu Msangano, bondeni Momba, kwenye mpunga na ng'ombe na joto, kwa familia nyingi zilizohamia na mifugo yao. Huko akina mama wengi hawakuwa na kadi za kliniki. Kadi imenyeshewa njiani, imepotea, imebaki kwa shemeji. Itifaki, yaani sheria za mradi, ilisema pasipokuwa na kadi tulipokee neno la mama. Kwa hiyo tuliuliza kwa mdomo. Swali la kwenye kishikwambi lilikuwa refu na la kitabuni, Mratibu akatufundisha kulifupisha ili tueleweke: "Mtoto amechanjwa ya kichomi?" Akina mama wa Msangano wakajibu ndiyo, bila kusita. Tukabonyeza ndiyo.

Majibu ya maabara yaliporudi tuliitwa mjini. Mratibu alisimama mbele ya ukuta uliomulikwa michoro. Mstari wa Tunduma ulikuwa unashuka, wa Ibaba unashuka, maana yake kwa watoto waliochanjwa yale makoti yanayotambulika yalikuwa yanapotea. Mstari wa Msangano ulikuwa umelala palepale. Watoto wameandikwa wamechanjwa, na makoti yale yale yamejaa puani.

"Jamani," Mratibu akasema, "tunaangalia mageuzi yakitokea mbele ya macho yetu. Kijidudu cha Momba kimeishinda chanjo." Alisema kama anatangaza harusi. Akaongeza kwamba dunia nzima itataka kusikia habari za Msangano, na mradi utaongezewa muda. Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma nikimbembeleza Nuru. Dozi yake ya tatu, iliyokuwa imecheleweshwa na safari zetu, ilikuwa wiki ileile. Nikawaza, kama kimeishinda, nampeleka akachomwe ya nini? Na wale wa Msangano niliowashika vichwa kwa kiganja changu, wamebaki na kinga gani? Kikao kilipoisha nikamfuata Dokta Visanduku, aliyekuwa anakunja nyaya zake peke yake.

"Wewe hukupiga makofi."

"Hapana."

"Kwa nini?"

Akaangalia kiatu changu. "Mchele wa Msangano unauzwa wapi?"

"Hapa Tunduma."

"Wanaouleta wanaacha watoto nyumbani?"

"Wanyonyao? Wanakuja nao mgongoni."

"Basi. Kijidudu kikipata njia ya kuikwepa chanjo, kinakuwa kama mtu mwenye kibali cha kupita mpakani bila kukaguliwa. Hakibaki kijijini. Kinakuja penye watoto wengi waliochanjwa, kwa sababu huko wenzake wamefukuzwa na nafasi iko wazi. Nimekiendesha kwenye modeli kila namna. Mpaka sasa kingekuwa kimeijaza Tunduma. Hakipo. Na maabara wanasema koti la Msangano ni lile la zamani, halijabadilika hata kifungo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ama kijidudu cha Msangano hakipendi kusafiri, ama ile 'ikiwa' yetu ina uongo mahali. Rudi kaangalie."

"Niangalie nini?"

"Sijui. Ningejua nisingekutuma."

"Na wa kwako ungempeleka kliniki?"

"Sina mtoto," akasema. Halafu kwa mara ya kwanza akaniangalia usoni. "Ningempeleka leo."

Niliondoka pale nikimshuku kuliko nilivyoingia. Nilijua mchezo huo: mkubwa hapendi majibu, anamtuma mdogo akayatafute mengine. Nikajisemea nitakwenda, lakini nitakayoyakuta ndiyo nitakayoyasema, yawe yake au ya Mratibu.

Msangano nilifikia kwa Bibi Nakamba, mama mkwe wa Mama Yohana. Yohana na Nuru wamepishana kidogo sana kuzaliwa, ndiyo maana nilimkumbuka. Bibi alikuwa anapepeta mchele uani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmerudi kuchukua makamasi? Ya mara ile mmeshayamaliza?"

Mama Yohana akacheka mpaka akashika ukuta. Yohana alikuwa mgongoni kwake, anakohoa kikohozi kizito, cha mtu mzima.

"Sikuja na vijiti leo, bibi. Nimekuja kuuliza tu. Mara ile mlisema Yohana amechanjwa ya kichomi."

"Amechanjwa, ndiyo. Nimemchanja mwenyewe."

Nikadhani sikusikia. "Wewe mwenyewe, bibi?"

"Sasa nani? Huyu?" Akamnyooshea mkwewe kidole. "Huyu akiona damu anakimbia. Mlete mtoto hapa."

Wakamshusha, wakainua kishati. Kifuani, chini ya kila titi, kulikuwa na mistari midogo myeusi, imepangwa vizuri, ya wembe na dawa ya majivu. Chale. Hata mimi ninazo, kwenye viganja, bibi yangu alinichanja huko Mbozi nilipokuwa siwezi hata kusema hapana.

"Na ile ya kliniki?" nikauliza.

"Ile ni kuchomwa," Bibi akasema, akinihurumia. "Kuchomwa hajachomwa. Kliniki iko mbali na mto ukijaa huvuki. We binti, ulikuja hapa na mashine yako ukauliza kuchanjwa, nikakujibu kuchanjwa. Ungeuliza kuchomwa ningekujibu kuchomwa. Au shuleni kwenu ni kitu kimoja?"

Nilikaa kwenye gogo. Nyumba iliyofuata nikauliza vingine: amechanjwa kwa wembe au kwa sindano? Kwa wembe. Iliyofuata, kwa wembe. Mbele kidogo nikakuta kadi halisi, sindano zote zimeandikwa, mama yake anashangaa naishika kadi kama nimeokota dhahabu ya Galula. Halafu wembe tena, na wembe. Kijidudu hakikuwa kimeshinda chochote. Hakikuwahi kukutana na hiyo chanjo. Chanjo haikufika, na sisi tulikuwa tumeandika imefika.

Nilimpigia Dokta Visanduku nikiwa nimepanda kichuguu kutafuta mtandao. Nikamweleza.

"Wembe," akasema.

"Wembe."

"Asante, Mama Nuru. Nitamwambia Mratibu kesho."

Hasira yangu inaanzia hapa, na haijaisha. Niliporudi mjini nilimkuta Mratibu ofisini, amechangamka kama kawaida, akamwekea Nuru biskuti mkononi.

"Umefanya kazi nzuri sana," akasema. "Tumeshasafisha. Msangano imetoka."

"Imetoka imekwenda wapi?"

"Imetoka kwenye modeli. Data chafu hatuwezi kuzitumia. Tunabaki na Tunduma na Ibaba na Galula, mchoro unapendeza."

"Na watoto?"

"Watoto gani?"

"Waliotoka. Yohana anakohoa. Kwenye mashine yetu ameandikwa amechanjwa, nyumbani hajachomwa. Nani anakwenda kuwachoma?"

Akakaa vizuri kwenye kiti. Sauti ilikuwa ileile ya upole, nawaapia, ileile aliyokuwa anagawia juisi. "Mama Nuru, sisi ni mradi wa utafiti. Si mradi wa chanjo. Ukianza kupeleka sindano katikati ya utafiti unaharibu itifaki. Nakuomba usiende kuongea huko nje, mkataba wako bado unauhitaji."

Kijidudu kilipokuwa mshindi, Msangano ilikuwa habari ya dunia. Watoto walipobaki kuwa watoto tu ambao hawajafikiwa na sindano, Msangano ikawa uchafu. Nilimuuliza Dokta Visanduku, aliyekuwa chumba cha pili na amesikia kila kitu, kama na yeye ana la kusema. Akaangalia kiatu.

Sikungoja mkataba uishe. Fulana yao niliifua, nikaipiga pasi, nikairudisha. Kesho yake nilikwenda kwa Sista, muuguzi anayeongoza huduma ya mkoba, yaani kliniki inayowafuata watu vijijini na boksi lake la baridi. Nikamwambia kila kitu. Hakushangaa. Alisema tu, "Kwenye kishikwambi chenu kumbe kuna kijiji cha waliochanjwa ambacho mimi sijawahi kukichoma," akaanza kutafuta mafuta ya pikipiki.

Dozi ya tatu ya Nuru sikumpeleka kliniki ya mjini. Nilimfunga mgongoni tukaenda naye Msangano.

Akina mama walikuja, lakini walisimama mbali. Mbele yao alisimama Bibi Nakamba, mikono kiunoni.

"Kwanza mlikuja mkachukua makamasi," akasema. "Halafu ukaja kuchungulia chale zangu. Leo mmeleta sindano. Kesho mtataka nini?"

Yalikuwa maswali yangu mwenyewe ya siku ya kwanza, na yeye alistahili kujibiwa kuliko mimi. Nikamgeukia Sista, nikamwambia nioneshe kichupa. Akanionesha. Kwenye kichupa kuna alama ya duara yenye kisanduku katikati. Kisanduku kikiwa cheupe kuliko duara, dawa haijaharibiwa na joto. Kilikuwa cheupe. Nikampa Bibi naye aangalie, nikamweleza. Akakipeleka juani, akakirudisha kivulini.

"Mchome wako kwanza," akasema.

Nikakaa chini. Nikamfunua Nuru paja. Niwaambie ukweli, lile neno la Mratibu kwamba kijidudu kimeshinda lilikuwa bado linazunguka kichwani hata baada ya kujua ni uongo, maana maneno ya namna hiyo hayatoki haraka. Nikambana Nuru mguu. Sista akamchoma. Nuru akapiga kelele kama anauawa.

Bibi akacheka. "Huyu ana mapafu! Haya, mlete wetu." Akamchukua Yohana yeye mwenyewe, akakaa karibu yangu, akamwambia Sista, "Choma hapo pembeni, usinigusie chale zangu." Sista akasikiliza kwanza kifua cha Yohana, akasema kikohozi kile hakizuii sindano ila atampa mama maelekezo na dawa, kisha akamchoma. Nyuma yao foleni ikaanza. Jioni boksi la baridi lilikuwa limebaki barafu tupu.

Baada ya muda ripoti ya mradi ilitoka. Msangano haimo. Siku hiyo nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa Dokta Visanduku: "Nimewahamishia watoto wa Msangano kwenye sanduku la wasiochanjwa. Ni kwenye modeli yangu, si kwenye ripoti. Mstari sasa unaeleweka." Nikamjibu: "Umechelewa. Wameshahama sanduku." Yule kijana simlaumu, na simwamini. Hesabu zake zilisema kweli, yeye akanyamaza.

Basi ndivyo nilivyostaafu. Sasa nauza mchele wa Msangano hapa Tunduma, naletewa na Mama Yohana, na Yohana anakuja mgongoni akivuta nywele za Nuru. Nikiulizwa kama chanjo ni nzuri nasema ndiyo, wapelekeni. Nikiulizwa kama wanaohesabu chanjo ni wazuri, nauliza ni nani, na ameuliza swali gani.

Juzi alikuja binti mlangoni kwangu. Fulana mpya, mradi mwingine, kishikwambi mkononi. Amemaliza kidato cha nne hivi karibuni, unamwona tu. Akanisalimia vizuri, akaniomba ridhaa, akasoma: "Je, mtoto amechanjwa?"

"Kwa wembe au kwa sindano?" nikamuuliza.

Akakiangalia kishikwambi chake. Akapandisha kidole juu, akashusha. Chaguo hilo halikuwemo.

"Basi dada, niandike tu ndiyo?"

"Usithubutu," nikamwambia, na nikamsogezea kigoda.